Mpate Aliyekubali Kufa Shela

Hamdu amepika Shela, kisiwani Lamu, miaka ishirini na miwili, katika nyumba ya wageni jirani na msikiti, na bado watu wa hapo humwita Mpate. Hachukii. Kwao ni kisiwa cha Pate kweli, na samaki wake wa kupaka hana mpinzani. Lililomchoma ni neno la shemeji yake Mahdi, siku ya harusi ya binti yake Hamdu, mbele ya wageni wote: "Wapate kazi yao mbio, tangu Vita vya Shela." Watu wakacheka, maana katika vita hivyo vya kale Wapate walishindwa na Waamu, watu wa Lamu, wakakimbilia madau yao. Hamdu akainuka, biriani akaiacha siniani, na huu mwaka wa nne hawajasemezana.

Hata hasira zake zilikuwa na utaratibu. Kutojibu salamu ni dhambi, naye ni mtu wa dini. Basi akimwona Mahdi kwa mbali hukata kichochoro asije akasalimiwa. Aliyeumia ni mkewe Radhiya, dada yake Mahdi, ambaye kila Idi alikula nyumba mbili na asifurahi hata moja.

Mwaka huu Bi Thuwaiba, mwalimu wa historia, aliamua vita vile viigizwe ufuoni. Wa kuwa Waamu walijaa tele. Wa kuwa Wapate, kila mtu ana udhuru.

"Bwana Hamdu, wewe ndiwe Mpate wa asili. Niokoe," mwalimu akamwomba.

Hamdu hakuwahi kuigiza hata shuleni. Aliposikia kamanda wa Waamu ni Mahdi, alitoa sharti moja: hakimbii. Wenzake wakikimbilia madau yaliyoachwa na maji, yeye atakufa papo hapo.

Siku ikafika, na Hamdu akapigana, si mchezo! Mtu wa miaka hamsini na miwili, na kitambi chake, aliwavunjia Waamu mapanga matatu ya mbao. Ikabidi mwalimu ashike kipaza sauti: "Bwana Hamdu, kufa sasa!" Akafa, tena akafa vizuri, chali, macho kayafumba, mchanga tele masikioni. Alijisikia raha ambayo hakuitarajia.

Mchezo ulitaka washindi wapite kati ya maiti wakiwasalimu, kama wasalimiwavyo wafu makaburini. Hamdu alisikia nyayo zikija. Zikasimama kichwani pake.

"Assalamu alaykum," ilikuwa sauti ya Mahdi.

"Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh," akaitikia maiti, yote, bila kupunguza herufi.

Ulimi ulishamponyoka. Ufuo mzima ukaangua kicheko. Mahdi hakucheka; alitupa panga lake, akachutama.

"Myaka mine u hai, wanikimbia nisikusalimu. Leo umekufa, ndipo wanijibu? Nisamehe, shemeji. Neno lile lalinitoka vibaya."

Wanikimbia. Neno hilo lilimwingia Hamdu, na aibu ikampanda hadi masikioni. Mbio alizozikana mbele za watu, kumbe amezipiga miaka minne, kichochoro kwa kichochoro.

"Ni kweli nalikukimbia," akasema, akanyoosha mkono huku akijifikicha macho. "Niinue basi, mtanga umeningia mato."

Bi Thuwaiba alipaza sauti kwamba maiti walale, mchezo haujaisha. Lakini Radhiya alikwisha kuvuka kamba ya watazamaji, buibui limejaa mchanga, analia kwa furaha, mkono mmoja kamshika mumewe, wa pili kamshika kakake, na hakutaka kumwachia yeyote.