Sahani ya Dada Mage

Leo nimeshindwa kumtazama dada yangu usoni.

Dada Mage anaanguka kifafa mwaka wa sita sasa. Hapa nyumbani Ipagala tulimtengea sahani na kikombe, eti povu lake litatuambukiza.

Leo majibu ya damu yametoka. Ana kingamwili za tegu wa nguruwe, yaani mwili umepambana na huyo mnyoo. Picha ya kichwa nayo imeonyesha vifuko vyake kwenye ubongo, ndivyo vinavyomwangusha.

Nikadakia: “Dokta, huyu hajawahi kugusa kitimoto!”

“Vifuko hivyo havitokani na nyama, ni mayai ya tegu yaliyoingia kwenye chakula kutoka kwa mwenye tegu tumboni, asiyenawa vizuri akitoka chooni. Nani anapika kwenu?”

Mimi. Mla kitimoto wa kila wikiendi.

Nikapimwa choo. Ninaye.

Jamani, niambieni. Leo nampakulia kwa mkono upi?