Kikombe cha Kizingitini

Juzi mwanangu aliangusha kikombe cha zamani cha bati, na mlio wake ukanirudisha kijijini kwetu Nambis, kwenye kizingiti cha babu yake baba, tuliyemwita Babu Mkubwa. Nyie hamkumjua. Alipigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, lakini vita hakuvisimulia hata kidogo. Sisi watoto tulichokijua ni kikombe chake.

Kilikuwa cheupe, kimebanduka rangi mdomoni, na kilitundikwa peke yake kwenye msumari nje ya mlango. Hakuna aliyekigusa. Bibi yangu alimmiminia uji kutoka juu, sufuria isikiguse, naye akanywea pale pale kizingitini hata mvua ikinyesha. Watoto wachanga hakuwabeba. Ukimpa shikamoo, aliitikia marahaba mikono ikiwa mgongoni. Nilijua hanipendi, na iliniuma sana, maana mbuzi wake aliwakumbatia.

Siku moja ya kiangazi nilirudi kutoka shule koo limekauka. Kikombe kilikuwa kizingitini, kimejaa maji. Nikanywa yote. Nilipoinua uso, Babu Mkubwa alikuwa amesimama uani akinitazama. Nikasubiri fimbo. Badala yake mzee aliketi mavumbini.

"Umeyamaliza?"

"Ndiyo, Babu."

Kuanzia kesho yake, kila kulipokucha, aligonga dirisha letu kwa fimbo. "Umeamka?" Nikimjibu, anaondoka. Nikikohoa tu, ananifuata mpaka shambani. Nilimuuliza Bibi nimekosa nini, akasema, "Mwache tu, anakuangalia." Ananiangalia nini? "Asiyejua maana haambiwi maana," akaendelea kuchambua maharage yake. Nilichanganyikiwa kabisa. Mtu hakupendi, mbona basi habanduki kwako?

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza aliponiita kizingitini. Akamimina maziwa ya mgando kwenye kile kikombe, akanywa nusu, akanipa yaliyobaki. Kisha akaniwekea mkono kichwani, mzito, unanuka mbuzi, akalia. Mimi nikalia pia, bila kujua tunalilia nini.

Baada ya kumzika, miaka mingi baadaye, ndipo Bibi aliponieleza. Zamani kwetu, aliyeguswa na kifo alikaa kando, hakula wala kunywa na watu, asije akawaambukiza kifo hicho, mpaka wazee wamtakase. Babu Mkubwa alikuwa ameua huko Burma. Aliporudi wazee walimtakasa, lakini hakuamini kwamba tambiko la Nambis linawafikia watu waliofia mbali namna ile. Akajitenga mwenyewe, hata baada ya kubatizwa, hata baada ya watu kuisahau desturi yenyewe.

"Alikuwa anasubiri ufe," Bibi akasema. "Hukufa."

Nimelifikiria neno hilo nikiwa na watoto wangu mwenyewe, na bado linanichanganya. Miaka yote ile hakunigusa kwa sababu alinipenda. Na kilichomtoa kizingitini ni kiu yangu tu.

Mwanangu alikiokota kikombe, akauliza akiweke wapi. Nikamwambia akiweke na vingine.