Nafasi ya Kupiga Magoti

Mkubwa wetu, Mkenya mwenye haraka zake, aliamua ofisi zetu mbili za pembeni mwa Kikuubo, soko la Kampala lenye msongamano, zihamie ghorofa moja. Mimi ndiye msimamizi wa jengo, basi kazi ya kuwapanga watu ikaniangukia. Nilishinda na futi na chaki, nikichora sakafuni mahali pa kila meza, na kila mtu alitaka dirishani. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Niliwapunguzia wote nafasi bila huruma, na kusema kweli nilifurahia.

Vijia kati ya meza vilitosha mtu mmoja na sinia lake la chai. Mkubwa alinisifu. Asubuhi ya kwanza watu wakakwama.

Aliyewakwamisha ni mama wa mapokezi. Yeye ni Muganda aliyelelewa kwa adabu za kwao, na kila akifika hupita kwanza kwa mzee wetu wa forodha, Mnubi mwenye kofia nyeupe, apige magoti amsalimu. Na salamu zenyewe si za kukimbilia: umelalaje, wa nyumbani je, asante kwa kazi. Siku hiyo alivaa gomesi, lile vazi pana la Kiganda. Alipopiga magoti, gomesi ikajaza kijia chote, na nyuma yake wakapanga foleni waliokwenda kutoa fotokopi na waliobanwa na haja. Hakuna aliyethubutu kumruka.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Mkubwa akaniita.

"Mwambie asalimie akiwa amesimama. Akikataa, meza yake iende chini getini. Huko kuna nafasi."

Getini! Kule wapagazi hupita na magunia mchana kutwa, na vumbi halina adabu. Isitoshe, sauti yake ndiyo iliyoifanya ofisi ile ikalike. Nilimpenda kama dada, na bado nampenda. Nilimpelekea ujumbe nikitazama viatu vyangu.

"Banange, ssebo," akasema, yaani jamani, bwana. "Mimi nisalimie mzee nimesimama kama mlingoti? Hapana. Kama ni geti, nitaenda geti." Machozi yakamlengalenga, akajifanya anatafuta kalamu.

Mzee alisikia. Akasema yeye ndiye atakayehamia getini, mtoto wa watu asisumbuliwe. Mama akakataa katakata. Sasa nikawa na watu wawili wanaogombea vumbi.

Nikarudi na futi yangu. Nilipima kabati, nikapima mashine ya fotokopi, nikapima hata ndoo ya maua. Palikuwa na kitu kimoja tu cha kuondoa, meza iliyokaa ubavuni mwa mzee, nayo ilikuwa yangu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu! Niliizunguka meza ile nikitafuta sababu ya kuibakiza. Mwishowe niliibeba mwenyewe hadi stoo, nikamwambia mkubwa kwamba msimamizi wa jengo hafai kukaakaa.

Kesho yake mama alikuta uwanja. Alipiga magoti kwa raha zake, wakaulizana na mzee habari za nyumbani mpaka za mbuzi, na watu wakapita pembeni bila kugusana. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta, mafaili kwapani, nikiandika juu ya goti nililoliinua.

Alinyanyuka, akanitazama, akatazama pale palipokuwa na meza yangu. Alikwenda mapokezi, akasogeza mkoba, simu na chupa yake ya chai upande mmoja, akafuta nusu ya meza kwa kiganja, akavuta kiti cha wageni.

"Njoo ukae, ssebo. Mimi siwezi kukaa kama wewe umesimama."

Nikakaa. Hadi leo tunabanana pale, viwiko vikigongana, na wageni wakiingia huniuliza kama mimi ndiye msaidizi wake. Nawajibu ndiyo.