Siafu Waliomfikia Mama

Mama yangu alipooza upande wa kushoto muda mfupi baada ya baba kufariki. Nikarudi kuishi naye Dilala, mtaa wa mji wa Kolwezi, katika nyumba ya matofali aliyoiacha babu, ambaye aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini.

Asubuhi hiyo mvua kubwa ya usiku ilikuwa imekatika. Nilimtandikia mama mkeka uani apate jua, karibu na kikapu ambamo kuku wetu alikuwa amelalia mayai. Bomba letu lilikuwa kavu tangu juzi, nikachukua madumu mawili.

"Mama, naenda kuchota mayi kwa jirani. Sitakawia."

"Enda, mi niko."

Bomba la jirani liko nyuma ya ukuta wetu tu. Hapo nilimkuta rafiki yangu wa kwaya. Madumu yakajaa, nasi tukaendelea kuzungumza. Kwa wiki nyingi sikuwa nimekaa na mtu wa rika langu, na siku hiyo nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Kisha nikasikia sauti ya mwanamume kutoka uani kwetu, ikiniita kama kila mwanamke anavyoitwa kwetu. "Mama! Kuya mbio! Siafu!"

Alikuwa jirani yetu wa upande wa pili, dereva wa lori, Mwislamu aliyetoka mashariki ya nchi. Alikuwa ameruka ukuta. Nilimkuta amembeba mama mikononi, akipigapiga miguu chini. Mguu wa kushoto wa mama ulikuwa mweusi hadi gotini, na weusi ule ulikuwa unatembea.

Tulimlaza barabarani tukaanza kuwang'oa mmoja mmoja. Ukimvuta siafu mwili unakatika, kichwa kinabaki kimeuma nyama. Mama hakulia. Mguu ule haukuwa na hisia, na nadhani hilo ndilo lililonitisha zaidi: alikuwa anatazama tu damu yake.

"Ulikuwa wapi, mama?" jirani aliniuliza.

"Foleni ilikuwa murefu, tata," nikajibu, nami nikimwita baba kwa heshima.

Mama alinitazama.

Tulipomwaga majivu ya moto na kurudi uani, kuku alikuwa bado juu ya mayai yake, amekufa. Siafu walikuwa wanamkata vipande vidogo, kila mmoja akibeba chake katika mstari uliopita chini ya ukuta.

Jioni, nikimpaka mama dawa, alinieleza alivyoona. Kwanza walikuja wachache, wakazungukazunguka kama waliopotea, wakarudi walikotoka. Halafu wakaja wote. Hawakumkimbilia kuku. Walimzunguka pande zote, ndipo wakapanda. Alidonoa, akapiga mabawa, lakini hakutaka kuacha mayai. Wakapita chini ya manyoya hadi kwenye ngozi, wakamwingia machoni, puani, mdomoni. Aliendelea kufungua mdomo bila kutoa sauti, kisha kichwa kikalala.

"Balimumaliza polepole," mama alisema. "Kisha bamoja bakageuka kwangu. Nilibaona banapanda mu mukulu, mu muguu hii, lakini sikusikia kitu. Nikajivuta na mukono moja, sikufika mbali."

"Mama, kwa nini hukuniita?"

"Nilikuita. Sauti yangu haina nguvu tena." Akautazama mguu wake. "Lakini yako nilikuwa naisikia. Ulikuwa unacheka."

Nilitaka kumwomba msamaha. Badala yake niliuliza kama dawa inawasha.

Vidonda vilipona baada ya wiki mbili. Kaka yangu anayefanya biashara Dilolo, mji wa mpakani, alipopiga simu, mama alimwambia siafu waliingia ghafla na mimi nilimwokoa. Nilikaa pale pale kando yake, nikasikia uongo huo wote, sikuusahihisha. Tangu siku hiyo sikumwacha peke yake hata kidogo, na hilo nalo lilimchosha. Kila nikiingia chumbani alikuwa anafumba macho.

Mwisho wa masika kaka alisema angemchukua akae kwake kwa muda. Nilidhani mama angekataa, kwa sababu maisha yake yote yalikuwa Kolwezi. Alikubali kabla kaka hajamaliza sentensi. Jirani yetu ndiye aliyempeleka; mama alikaa kiti cha mbele cha lori na mto mgongoni. Nilimfunga kitenge miguuni, nikamwuliza kama amekaa vizuri.

"Niko muzuri," alisema, akageuza uso kumtazama dereva. "Tata, twende."