Jani Lisilo na Mwenyewe

Mtaani walimwita Daktari wa Majani, na yeye hakukataa. Alikuwa bwana shamba mstaafu, na kila Jumamosi asubuhi majirani walimletea jani ndani ya bahasha yenye jina la mwenye mti. Aliliweka kwenye sahani nyeupe, akaliinamia na lenzi yake, akatoa hukumu. "Hawa ni vidukari. Fuata sisimizi, utawaona." "Huu ubwiri unga, ukungu mweupe, mwembe wako unataka hewa." Mti wenyewe hakwenda kuuangalia, magoti yanamuuma, alisema. Na ukweli usemwe, hakukosea.

Nyumbani kwake kulikuwa na mti mmoja tu, mchungwa ambao marehemu mama mkwe wake aliwaletea ukiwa mche ndani ya kopo. Mwaka ule ukaanza kunyong'onyea. Mkewe alipomwonyesha, aliutupia jicho kutoka kibarazani.

"Una njaa," akasema.

Basi akaulisha. Samadi aliirundika hadi ikakumbatia shina, na maji ndoo tatu asubuhi, tatu jioni. Kwa hilo magoti hayakuuma. Mchungwa ukazidi kupukutisha majani.

"Baba watoto, hebu njoo na lenzi yako," mkewe alimsihi. "Mama hakuniachia kingine."

"Mti wangu mwenyewe nisiujue?"

Mganga hajigangi, na mkewe alijua kubishana naye ni kutwanga maji kwenye kinu. Jumamosi iliyofuata alichuma jani la mchungwa, akalitia kwenye bahasha isiyo na jina, akaichomeka katikati ya zile za majirani.

Daktari alipolifikia, mkewe akiwa kando yake, alikaa nalo muda mrefu kuliko yote.

"Tazama. Mshipa wa katikati umegeuka njano, pembeni bado kijani. Shina linaoza pale chini. Huyu kalizika kwa samadi, halafu analizamisha kwa maji. Watu wa hivi hudhani mti una njaa." Akacheka. "Mwambie afukue leo leo, shina lipate hewa, na ndoo aziweke kando."

"Utapona?" mkewe aliuliza.

"Akiacha ukaidi, utapona. Mwenyewe nani?"

Mkewe alichukua jembe lililoegemea ukutani, akamwekea mapajani.

"Magoti yanamsumbua, maskini," alisema. "Lakini kutoka hapa ni hatua kumi tu."