Sambusa za Matufaha

Miaka yote vitumbua vya chai ya jumuiya yao pale Ifakara vilikuwa vya Oliva, na hakuna aliyethubutu kuleta kitafunwa kingine. Jumamosi hiyo wifi yake Jane, aliyehamia juzi kutoka Morogoro, akaja na manda za dukani. Alikatakata matufaha, akachanganya na sukari na mdalasini, akafunga kama sambusa, akaoka kwenye sufuria kwa mkaa juu na chini. Basi! Eti na huko ni kupika? Oliva alikuwa ameloweka mchele tangu jana, akautwanga kwa mikono yake!

Baada ya sala watu wakamzunguka Jane. Roho ikamuuma Oliva. Akakimbia kwake kuchukua bakuli la pilipili ya ndimu, akaliweka kando ya zile sambusa tamu. Kwa mazoea ya kula sambusa za nyama, kila mtu akachovya. Oliva akasubiri wateme.

Mzee Beatus, mwenyekiti wao, akatafuna, akafumba macho, akachovya tena. Sinia likaisha watu wakilamba vidole.

"Jane mwanangu, Jumamosi ijayo utuletee tena," akasema. Kisha akamgeukia Oliva. "Na wewe mama, usihangaike na vitumbua. Njoo na pilipili tu."