Virusi Vilivyong'ang'aniwa

Dada wa hadubini, pale maabara kwetu, haamini kitu. Hata lebo aliyoiandika mwenyewe huisoma kwa jicho la pembeni, kana kwamba kaiandika tapeli. Siku tulipoona virusi vimerundikana juu ya seli, tayari kutoka lakini protini ya seli hiyo imeving'ang'ania kwenye utando wake, sisi tulishangilia. Yeye alikunja uso.

"Nani kawaambia vinatoka? Labda ndiyo kwanza vinaingia."

Akaandaa seli nyingine zilizokwisha kuambukizwa virusi hivyo, ila hazina protini ile. Kesho yake virusi vyote vilikuwa vimetoka na kuziachia, vinaelea kwenye majimaji. Alitazama weee, kisha akaninong'oneza, "Mdogo wangu, hebu angalia wewe. Macho yangu siyaamini leo. Nimetamani mno iwe kweli."